Viunganishi na Ukanushi katika Hisabati ya Shule: Mfano wa Lubumbashi

Katika mtaa wa Bel-Air, komini ya Kampemba jijini Lubumbashi, mtoto aingiapo darasa la hisabati huwa amebeba lugha zaidi ya moja. Nyumbani na njiani husema Kiswahili cha Lubumbashi. Kanisani husikia kile ambacho wenyeji hukiita Kiswahili bora. Katika daftari lake, hasa akishapanda madarasa, hukutana na Kifaransa. Hali hiyo imejadiliwa sana kwa upande wa istilahi, yaani ni neno gani litumike kwa pembetatu, kwa sehemu au kwa mlinganyo. Hata hivyo, istilahi si mahali penye mashaka makubwa, kwa kuwa jina la umbo hufundishika kwa siku moja. Mashaka yamo katika maneno madogo ambayo hakuna anayefikiri kuyafundisha: na, au, kama, wote, si.

Historia ya mji inaeleza kwa kiasi fulani jinsi maneno hayo yalivyofika hapo. Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa zamani, ilianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipoufikia mji. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilitegemea kwanza wafanyakazi wengi kutoka upande wa kusini. Baadaye iligeukia Kasai na Ruanda-Urundi, na katika miaka ya 1920 Kiswahili kikashika nafasi ya lugha ya kazi. Tangu mwaka 1928 kampuni ilifuata siasa ya kuwatuliza wafanyakazi kambini pamoja na familia zao. Hivyo wakazaliwa watoto ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kwanza. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, ameonyesha jinsi misamiati na miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya Wazungu ilivyojaa amri. Ni jambo la kuzingatiwa na mwanamantiki: amri haina ukweli wala uongo, na mantiki hushughulikia kauli zilizo kweli au si kweli. Lakini ni kosa kudhani kwamba lugha ya watu ilibaki pale vitabu vya mabwana vilipoiacha. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji kwa Kiswahili hichohicho, na humo mna madai, sababu na ukanushaji wa kutosha.

Mantiki kama somo ilifika shuleni kwa njia nyingine, nayo ni hisabati mpya. Mwaka 1962 warsha ya kuandika vitabu vya hisabati kwa shule za Afrika ilianza Entebbe, Uganda. Mwaka 1963 Georges Papy alitoa Ubelgiji kitabu chake cha kwanza cha hisabati ya kisasa, na elimu ya Kongo ilikuwa bado inatazama vitabu vya Ubelgiji. Seti, viunganishi na jedwali la ukweli vikawa mambo ya watoto, wala si ya wanafalsafa peke yao. Mwaka 1974 maswali mawili yaliyokuwa yakienda mbalimbali yalikaribiana. Mwezi wa Mei wanaisimu wa Zaire walikutana Lubumbashi, ambako kituo cha isimu cha CELTA kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1971, wakazungumzia nafasi ya lugha za nchi. Mwezi wa Septemba UNESCO na washirika wake waliitisha Nairobi mkutano juu ya uhusiano wa isimu na ufundishaji wa hisabati. Kwa bahati mbaya ujirani wa tarehe haukuzaa ujirani wa kazi.

Ni nini kingeweza kuchunguzwa? Ichukuliwe kauli moja tu. Mwalimu anaandika ubaoni kwa Kifaransa: *Tous les nombres impairs ne sont pas premiers*. Kwa usomaji uliozoeleka katika lugha hiyo, maana yake ni kwamba si kila namba witiri ni namba tasa, na kauli hiyo ni kweli, kwa sababu 9 ni witiri na hugawanyika kwa 3. Mwanafunzi anaitafsiri neno kwa neno: "Namba witiri zote si tasa." Mpangilio ni uleule, wala hakuna neno lililoachwa. Hata hivyo, Mswahili aisomapo sentensi hiyo huelewa kwanza kwamba hakuna hata namba witiri moja iliyo tasa, na kauli hiyo si kweli, kwa sababu ya 3, 5 na 7. Tafsiri aminifu imegeuza kweli kuwa uongo. Vivyo hivyo mtoto wa Lubumbashi asemapo *batoto bote habakukuya*, msikilizaji huelewa kwa kawaida kwamba hakuja hata mmoja. Akitaka kusema kwamba baadhi walikuja na wengine hawakuja, hana budi kuliweka kanusho mbele ya neno la kiasi: si wote, si kila.

Isidhaniwe kwamba ila iko upande wa Kiswahili. Wanasarufi wa Kifaransa wenyewe wamelalamikia utata wa sentensi ile, kwa kuwa kanusho lake limekaa kwenye kitenzi ilhali linakusudiwa kulikanusha neno *tous*. Hapa Kiswahili, kikitumia *si kila*, kinaonyesha mpaka wa kanusho waziwazi zaidi.

Kisa cha pili kinaumiza zaidi, kwa sababu humfanya mtoto aliyejibu sawa aonekane amekosa. Mwalimu anauliza: "Je, 9 si namba tasa?" Mtoto anajibu: "Ndiyo." Kwa Kiswahili amekubali kauli nzima pamoja na kanusho lake: ndiyo, si tasa. Kwa desturi ya Kifaransa jibu lililotarajiwa ni *non*. Mwalimu aliyesomea kazi yake kwa Kifaransa anaweza kusikia kwamba mtoto amedai 9 ni tasa, akamsahihisha. Baada ya kusahihishwa mara kadhaa kwa namna hiyo, mtoto mwenye akili hujifunza kunyamaza.

Juu ya viunganishi, Vincent de Rooij alionyesha mwaka 1996 kwamba katika mazungumzo ya Lubumbashi wasemaji huingiza kwa wingi viungo vya Kifaransa, kama vile *donc*, *mais* na *parce que*, katikati ya Kiswahili. Basi hatua ya kutoka sababu kwenda tokeo mara nyingi hupita kwa neno la Kifaransa hata pale kauli zenyewe ni za Kiswahili. Huo si upungufu: msemaji ana alama inayoonekana wazi mahali hoja inapogeuka, na mwalimu angeweza kuitumia. Neno *ao*, yaani *au*, lina shida ya kawaida inayopatikana katika lugha nyingi. Mgeni akiulizwa anataka chai au kahawa hatarajiwi kuchukua vyote viwili, ilhali jedwali la ukweli linamruhusu.

Sharti lahitaji uangalifu zaidi. Mwanafunzi akitakiwa kukanusha kauli "Mvua ikinyesha, soko litafungwa," hushawishika kusema: "Mvua isiponyesha, soko halitafungwa." Kiambishi *-sipo-* cha Kiswahili sanifu kinamvuta huko, kwa kuwa kanusho limo tayari ndani ya sharti. Katika Kiswahili cha mji, ambacho kwa kawaida hutegemea *kama*, mvuto ni uleule. Kanusho halisi halina sharti tena: mvua imenyesha na soko halikufungwa.

Tanzania ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, lakini mada ya mantiki husomwa huko kwa Kiingereza katika kidato cha tano na sita. Kongo, kwa sheria ya elimu ya Februari 2014, imezikubali lugha za taifa na za mazingira kuwa lugha za kufundishia. Sheria hiyo haikusema ni Kiswahili kipi. Kwa istilahi, Kamusi ya Dar es Salaam huweza kuazimwa. Kwa mtoto wa Bel-Air mwenye *bote habakukuya* kinywani, hakuna kamusi itakayomwambia mwalimu kwamba jibu lile la "ndiyo" lilikuwa sahihi.