Jina la Bismarck katika Ufuko wa Mwanza

Katika maji ya Ziwa Victoria, karibu na kivuko cha Kamanga mjini Mwanza, yasimama mawe makubwa yaliyopandana, na la juu laonekana kama lililo tayari kuanguka, wala halianguki. Hilo ndilo liitwalo Jiwe la Bismarck. Jina hilo ni la ukoo wa Kijerumani, na habari zake zaonyesha jinsi jina liwezavyo kutoka mahali, likawa la watu, kisha likarudi kuwa la mahali pengine.

Asili yake ni mji mdogo wa Bismark, katika nchi ya Altmark, kaskazini ya Ujerumani. Mtu wa kwanza wa ukoo huo atajwaye katika hati ni Herebord von Bismarck, mwaka 1270, aliyekuwa mkubwa wa chama cha wafanya biashara ya nguo mjini Stendal. Neno "von" maana yake ni "wa" au "kutoka". Basi jina lote lasema tu kwamba mwenyewe ni mtu wa Bismark. Desturi hii si ngeni katika pwani ya Afrika ya Mashariki, ambako mtu huitwa Mshirazi, au jina lake hufuatiwa na nisba ya mji wa wazee wake. Mwaka 1919 katiba mpya ya Ujerumani ilifuta haki za makabaila, na "von" ikabaki kuwa sehemu ya jina tu.

Lililoenea duniani si jina la ukoo mzima, bali la mtu mmoja, Otto von Bismarck (1815-1898), Chansela wa dola ya Ujerumani tangu 1871 hata 1890. Mwaka 1873 mji mmoja wa North Dakota, Marekani, ulipewa jina lake, kwa tamaa ya kuvuta fedha za Wajerumani katika ujenzi wa reli. Visiwa vilivyo karibu na New Guinea navyo vilipewa, na boma la Kasanga, Ziwa Tanganyika, likaitwa Bismarckburg, yaani ngome ya Bismarck.

Lakini Bismarck hakukanyaga Afrika kamwe. Ni katika utawala wake barua ya himaya ilipotolewa, tarehe 27 Februari 1885, kwa chama cha Carl Peters. Ila Wajerumani walipojenga kituo chao Mwanza mwaka 1892, yeye alikuwa amekwisha kuondoka madarakani. Jina lililowekwa juu ya jiwe halikuwa la mtawala wa wakati ule. Lilikuwa alama ya umiliki.

Mwaka 1916 Waingereza waliteka Mwanza na Bismarckburg pia. Kasanga ikarudia jina lake, lakini jiwe halikurudishiwa lake. Sababu yaelekea kuwa hii: jina la boma lilikuwa la serikali, likafa pamoja na serikali; jiwe halikuwa na karani wa kulibadilishia jina.

Katika lugha pia jina hili ni la peke yake. Maneno "shule" na "hela", yaliyotoka kwa Wadachi, yalitoholewa kwa kuwa watu waliyahitaji kila siku. Yakavaa irabu za Kiswahili hata asili yake ikasahauliwa. Bismarck laandikwa bado kama liandikwavyo Ujerumani, pamoja na konsonanti zake zilizosongamana mwishoni. Kwa upande mwingine, Wajerumani waliandika "Muansa", na Wasukuma wasema "Ng'wanza". Tahajia ile ya kigeni imepita, jina la wenyeji limebaki.

Namibia mwaka 2013 iliondoa katika mkoa wake jina la Caprivi, Chansela aliyemfuata Bismarck, ikauita Zambezi. Mwanza haijafanya hivyo, wala si lazima ifanye. Lakini kila kitabu kilitajalo jiwe hili kama fahari ya mji chapasa kueleza jina hili ni la nani na lilifikaje. Pasipo maelezo hayo, msomaji kijana atadhani kwamba wazee wake, waliovua samaki katika ghuba hiyo kabla ya mwaka 1892, walilitazama jiwe hilo kila siku bila ya kulipa jina.