Sungura wa bandani si sungura wa porini

Swali ninaloulizwa sana na wanaoanza kufuga sungura ni hili: akitoroka bandani, si atajiunga tu na wenzake wa porini?

Hao si wenzake. Sungura wetu wa porini, yule mjanja wa hadithi, ni mwenyeji wa Afrika. Hachimbi shimo, na watoto wake huzaliwa juu ya ardhi wakiwa na manyoya na macho wazi. Wa bandani asili yake ni Ulaya, upande wa Hispania. Huyu ni mchimbaji, watoto wake huzaliwa uchi na macho yamefumba. Hawazaliani.

Na huyu wa Ulaya ana historia. Waholanzi walimpeleka kisiwa cha Robben, karibu na Cape Town, katika karne ya 17 ili wapate nyama. Miaka zaidi ya 300 baadaye bado alikuwa akimaliza majani ya kisiwa.

Kubwa zaidi ni la Australia. Mwaka 1859 mwenye shamba mmoja wa Victoria, Thomas Austin, aliletewa kwa meli sungura 24 kutoka Uingereza, akawaachia ili apate cha kuwinda. Kujifurahisha tu! Waliongezeka mpaka wakamaliza malisho ya kondoo. Upande wa magharibi wa nchi, kati ya 1901 na 1907, ukajengwa uzio wa waya wa zaidi ya kilomita 3,000. Sungura walikuwa wameshapita.

Wachuuzi, sikilizeni hapa. Adui huyo alikuwa pia mali. Nyama yake ilitiwa kwenye makopo ikauzwa Uingereza, ngozi ikatengenezwa kofia, na katika shida ya miaka ya 1930 familia nyingi za vijijini ziliishi kwa kumtega. Lakini mtegaji anayekula kwa sungura hataki sungura waishe. Wengine waliwaachia majike makusudi, wabaki mbegu. Ndiyo maana siamini wanaosema mdudu au mnyama mharibifu akipata soko atakwisha mwenyewe. Mwaka 1950 serikali ilisambaza ugonjwa wa sungura. Walikufa kwa wingi mno, kisha waliobaki wakazaa watoto wenye kinga.

Sisemi Newala itakuwa Australia. Huku tuna nyoka, mwewe na vicheche. Ila mchanga wetu unachimbika kirahisi, na kunde changa ni chakula chake.

Kwa hiyo inua banda juu ya nguzo, sakafu na pande ziwe za waya, dume akae peke yake. Soko likikwama, chinja mle, usimwachie porini. Mimba ni siku 31 hivi, basi kabla ya kumpandisha jike ujue kwanza nani wa Newala au Masasi atawanunua watoto.