Herufi, Rangi na Waya: Kuhusu Mpasuko wa Mshipa wa Moyo Unaosababishwa na Katheta

Mshipa wa moyo ukichanika ndani katika upasuaji wa tundu dogo, swali la kwanza katika ripoti nyingi huwa mpasuko ni wa aina gani. Jibu hutolewa kwa herufi, A hadi F, kwa mpangilio uliotoka katika Taasisi ya Taifa ya Moyo, Mapafu na Damu ya Marekani miaka ya 1980. A ni kivuli chepesi kinachopita, B ni njia mbili zinazokwenda sambamba, C ni rangi ya eksirei iliyonasa nje ya njia ya damu, D ni mpasuko unaojizungusha kama uzi wa parafujo, E ni pengo lisiloondoka, na F ni mshipa ambao damu yake imepungua au imekoma kabisa. Sina ugomvi na mpangilio wenyewe. Ninachopinga ni desturi iliyoota juu yake: kwamba herufi ndiyo inayoamua tiba, na kwamba kwa kila herufi jibu la salama ni stenti, yaani kibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa wazi. Nadai kwamba uamuzi uongozwe na mambo matatu: kama damu inapita, mpasuko uko sehemu gani ya mshipa, na kama waya unaoongoza vifaa bado umo katika njia halisi ya damu.

Tuanze na umri wa herufi hizo. Andreas Grüntzig alipotanua mshipa wa moyo kwa puto huko Zürich, Septemba 1977, alianzisha tiba ambayo kwa asili yake huchana, maana ukuta uliojaa mafuta na chokaa hautanuki bila kupasuka mahali fulani. Mwaka 1991 uchunguzi wa mipasuko 691 ulionyesha kwamba wenye aina B karibu wote walitoka salama, ilhali wenye C hadi F walidhurika mara nyingi zaidi. Hilo halina mjadala. Lakini Marekani iliidhinisha stenti ya kwanza kwa mishipa inayofunga ghafla mwaka 1993. Maana yake, herufi zilipimwa katika zama ambazo mshipa ukifunga, daktari alijaza puto tena au alimkimbiza mgonjwa kufunguliwa kifua. Kuna tatizo lingine ambalo naliona zito zaidi. Herufi haipatikani bila kudunga rangi, na rangi ikidungwa kwa nguvu huku ncha ya katheta imeelekea kwenye mchaniko, huingia kati ya matabaka ya ukuta na kuyatenganisha mbele zaidi. Mpasuko mdogo wa B unaweza kugeuka D kwa sababu tu kuna aliyetaka picha iliyo wazi. Altrasaundi ya ndani ya mshipa huonyesha njia halisi, njia ya uongo na damu iliyoganda ukutani bila tone la rangi. Ndiyo inayostahili kutangulia.

Ushahidi ninaoutegemea kuliko mwingine ni wa Cortese na wenzake wa Italia, uliotoka mwaka 2015. Waliwafuatilia wagonjwa 156 waliotibiwa kwa puto lililopakwa dawa. Kati yao 52 walibaki na mpasuko mwisho wa tiba. Wanne waliwekewa stenti, na 48 waliachwa vivyo hivyo. Walipopigwa picha tena baada ya siku 201 kwa wastani, 45 kati ya hao 48, yaani asilimia 93.8, mishipa yao ilikuwa imepona kabisa. Ukuta wa mshipa, ukiachiwa damu inayopita vizuri, hujishona. Wagonjwa ambao mishipa yao hupasuka yenyewe, wengi wao wanawake, wanashuhudia jambo hilohilo: mipasuko mingi huziba kwa wiki au miezi bila kuguswa, na stenti ikilazimishwa huweza kuisukuma damu iliyonasa ukutani hadi sehemu iliyokuwa nzima.

Nitaambiwa kwamba wagonjwa 48 ni wachache, na kwamba dawa iliyopakwa kwenye puto huenda ndiyo iliyosaidia kuponya. Yote mawili nayakubali. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la mahali. Mpasuko unaoachwa na puto katikati ya mshipa si sawa na ule unaofanywa na ncha ya katheta kwenye shina la kushoto, ambalo hulisha sehemu kubwa ya moyo. Katika takwimu za Bern zilizochapishwa mwaka 2010, shina hilo lilichanika kwa wagonjwa 38 kati ya 51,452. Hapo subira ni hatari, na mimi siitetei: stenti au upasuaji wa kupandikiza mshipa hufuata upesi. Vivyo hivyo mpasuko ukirudi nyuma hadi aota. Dunning na wenzake, walioripoti visa 9 katika uchunguzi 43,143 mwaka 2000, waliona kwamba uliobaki kwenye mzizi wa aota ulidhibitiwa kwa kuziba mdomo wa mshipa kwa stenti, ilhali ulipopanda zaidi ya milimita 40 hali ilikuwa mbaya. Tofauti hizo zote ni za mahali, na herufi hazizisemi. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, upasuaji wa kifua na wa tundu dogo viko chini ya paa moja. Kituo kisicho na daktari wa kufungua kifua karibu hakina nafasi ya kuukuza mpasuko kwa kutafuta picha.

Kwa hiyo nawasihi wanaofundisha madaktari wa fani hii wabadili mpangilio wa somo. Shinikizo katika katheta likishuka ghafla au mgonjwa akilalamika maumivu ya kifua, sindano ya rangi iwekwe chini, katheta ivutwe nyuma kidogo, na waya ubaki ulipo hata kama kila kitu kingine kinatolewa. Waya ukitoka katika njia halisi, huenda usirudi.