Njia Nyembamba za Kashi

Katika Bara Hindi, kando ya mto Ganga, upo mji wa Varanasi, ambao Wahindu hupenda kuuita Kashi. Kwao hakuna mji mtakatifu kuupita huo. Huamini kwamba afiaye humo hazaliwi tena duniani. Kwa hiyo wazee wengi huenda kungojea kufa kwao palepale, na moto wa kuchomea maiti huko Manikarnika huwaka usiku na mchana.

Moyo wa mji ni hekalu la Vishwanath, yaani la mungu wao Shiva. Limepatwa na mengi. Mwaka 1669 mfalme Aurangzeb, aliyekuwa Mwislamu, aliamuru libomolewe, na msikiti ukasimama pale. Hekalu la leo lilijengwa karibu yake mnamo 1780 na Ahilyabai Holkar, malkia mjane wa Indore. Baadaye Ranjit Singh, mfalme wa Punjab, ambaye hata Mhindu hakuwa bali Singasinga, alitoa dhahabu ya kufunika minara yake.

Lakini kulifikia kulikuwa kazi! Nyumba zililizunguka pande zote, na wahaji walisongamana katika vijia vyembamba, kati ya maduka, ng'ombe na takataka. Gandhi aliviona, na katika hotuba yake mjini humo mwaka 1916 aliwaaibisha wakubwa waliomsikiliza kwa ajili ya uchafu huo.

Tangu 1983 hekalu linasimamiwa na bodi iliyowekwa kwa sheria ya jimbo la Uttar Pradesh. Tena mnamo 2015 serikali ya nchi ilianzisha mpango wa kutengeneza mahali pa kuhiji ili wahaji na watalii waongezeke. Varanasi ukawa katika miji ya kwanza ya mpango huo. Na Wakatoliki wajue kwamba Velankanni, penye basilika la Bikira Maria Mama wa Afya, uliandikwa pamoja nao.

Tarehe 8 Machi 2019 waziri mkuu Narendra Modi, ambaye ndiye mjumbe wa Varanasi bungeni, aliweka jiwe la msingi la kazi kubwa zaidi. Nyumba zaidi ya 300 zilinunuliwa zikabomolewa. Wenye nyumba, wapangaji na wenye maduka 1,400 hivi wakahamishwa. Tarehe 13 Desemba 2021 njia pana ilifunguliwa toka mtoni hadi hekaluni. Uwanja uliokuwa wa meta za mraba 280 hivi sasa wafikia 46,000.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Mzee asiyeweza kutembea sasa hufika pasipo kukanyagwa, na hilo ni jema. Katika kubomoa, mahekalu madogo zaidi ya 40 yalionekana ndani ya nyumba za watu. Wakuu wa kazi walifurahi kama waliovumbua hazina. Lakini wapinzani walilalamika kwamba mengine yaliharibiwa, nao wakuu wakakana. Mimi nawafikiria zaidi wale waliohamishwa. Walilipwa fedha, ndiyo. Ila waliozoea kuamka kwa kengele za Vishwanath sasa huja kama wageni wengine.

Katika uwanja huo mpya zimejengwa nyumba za wageni, makumbusho na mahali pa kula. Pana pia tikiti ya kulipia kwa wasiotaka kungoja. Mjane asiye na fedha hupanga mstari mrefu.