Mawe ya Isimila na Hoja ya Kuwapo kwa Mungu

Katika mwaka wa 1951 msafiri mmoja aliyekuwa akipita kuelekea kusini alishuka katika korongo la Isimila, kiasi cha kilomita 20 kutoka mji wa Iringa kwa njia iendayo Mbeya, akaokota mawe yaliyokuwa yametapakaa katika mchanga wa kijito kilichokauka, naye akatambua kwamba hayakuwa mawe ya kawaida. Habari zikawafikia wataalamu, na katika miaka ya 1957 na 1958 Clark Howell, bingwa wa elimukale kutoka Marekani, akaja na wenzake wakachimba, wakakuta mashoka ya mkono kwa mamia, pamoja na mifupa ya jamii ya kiboko ambayo haipo tena duniani. Vipimo vilivyofuata viliyakadiria mawe yale umri wa miaka ipatayo 260,000. Hayo huelezwa kila mgeni afikapo. Lakini liko swali lililotangulia umri na kutangulia mifupa, nalo ndilo linalonishughulisha: wataalamu wale walijuaje kwamba mawe yale yaliundwa na mtu, hali hapana aliyemwona mtu huyo, wala hapana kaburi lake, wala mwandiko wake, wala jina lake?

Tazama shoka moja kwa karibu. Ni jiwe gumu, limechongoka upande mmoja na kunenepa upande wa pili, kadiri ya kuenea kiganjani. Na nyuso zake mbili zimejaa makovu ya vibanzi vilivyobanduliwa kimoja baada ya kimoja, huku na huku, hata makali yakazunguka ukingo wote. Jiwe huweza kuvunjika kwa nguvu ya maji, au kwa moto, au kwa kuporomoka kutoka mlimani, na lau lingepatikana moja tu lenye umbo hilo, mwenye kusema kwamba ni sadfa asingalikuwa mpumbavu. Yamepatikana mengi, hata hivyo, kwa mfano ule ule, madogo na makubwa, mengine yakikaribia urefu wa sentimita 40. Na kwamba mto usio na akili urudie kazi hiyo mara mamia bila kukosea ni jambo ambalo akili hailikatai kabisa, bali hulipa nafasi ndogo mno.

Na katika bonde lilo hilo zimesimama nguzo za udongo, ndefu kupita nyumba za ghorofa, zimepangana mithili ya magofu ya jumba la sultani. Mtu afikaye pale kwa mara ya kwanza aghalabu huvutwa nazo, akadhani kwamba, kama kuna kitu kilichojengwa mahali hapo, ni zile nguzo, na yale mawe ya chini ni mawe tu. Ukweli ni kinyume chake. Nguzo zimechongwa na mvua na upepo, kwa kuwa udongo laini huchukuliwa na ule mgumu ukabaki, na kazi hiyo ingali ikiendelea mbele ya macho yetu kila masika. Bali yale mawe duni ndiyo yaliyotoka mkononi mwa mwenye akili. Kwa hiyo ajabu ya kitu haitoshi kuwa burhani ya mtengenezaji wake. Lililo la kuulizwa ni hili: je, kitu hiki kingalitazamiwa kutokea hata kama mtengenezaji hayupo?

Kanuni hiyo ilitiwa katika hesabu na Thomas Bayes, kasisi wa Uingereza aliyefariki mwaka 1761, na karatasi zake zikachapishwa mwaka 1763 kwa juhudi za rafiki yake Richard Price. Kwa ufupi, mtu huanza na kadiri ya dhana aliyokuwa nayo kabla ya kuiona dalili. Kisha hupima ni kwa kiasi gani dalili hiyo ingalitazamiwa ikiwa dai ni kweli, na kwa kiasi gani ingalitazamiwa ikiwa dai ni uwongo. Na tofauti baina ya vipimo hivyo viwili ndiyo impasayo kuipandisha au kuishusha dhana yake. Dalili itazamiwayo sawasawa kwa pande zote mbili haina uzito, hata ikipendeza namna gani.

Masimulizi ya maulamaa wa Kiislamu humtaja bedui aliyeulizwa dalili ya kuwapo Mola wake, akajibu kwamba kinyesi humjulisha mtu kuwa ngamia amepita, na nyayo humjulisha kuwa msafiri amepita, seuze mbingu na ardhi zisimjulishe Muumba wake. William Paley, kasisi mwingine wa Uingereza, aliandika mwaka 1802 hoja iliyo ndugu ya hiyo kwa mfano wa saa iliyookotwa nyikani. Lakini David Hume, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1779 baada ya kufa kwake, alikuwa amekwisha kuweka pingamizi ambalo naliona zito kuliko yote: nyayo za ngamia tunazitambua kwa sababu ngamia wengi tumewaona wakitembea, na ulimwengu ni mmoja tu, wala hatukuwapo ulipoumbwa. Mchimbaji wa Isimila aweza kuchukua jiwe na nyundo akajaribu mwenyewe, akayaona makovu yale yale yakitokea. Lakini nani aliyejaribu kuumba ulimwengu?

Katika milima ya Rungwe suala hili la dalili na sababu yake lilikuwa na sura nyingine zamani, kabla Wamoravia na Walutheri wa Berlin hawajafika mwaka 1891. Wanyakyusa walimwendea Lwembe, mtawala wao mtakatifu aliyekaa Lubaga, wakiamini kwamba mvua na rutuba ya nchi vilifungamana na mwili wake. Na Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwao pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alisimuliwa na wazee kwamba Lwembe alipougua hakuachwa afe kwa maradhi, ili nchi isidhoofike pamoja naye. Siwadharau wazee wale, maana walifanya kama tufanyavyo sote, yaani walitafuta sababu ya jambo lililowashikia maisha yao. Ila mvua ya Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na masika yake ni marefu. Mwombaji wa huko anaomba jambo ambalo aghalabu lingekuja hata asipoomba, na kwa mizani ya Bayes kuja kwake si hoja kubwa. Ama mkulima wa Ismani, kaskazini ya Iringa, ambako mvua hazifiki milimita 800 na huweza kukatika mahindi yakiwa yanachanua, yeye akiomba na ikanyesha jioni ile ile, dalili yake ina uzito zaidi. Sharti tu azihesabu pia jioni zote alizoomba na isinyeshe.

Na sharti hilo ni gumu. Vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani vilipofika Ubena, misheni ya Kilutheri ya Jakobi ilishambuliwa mwezi wa Septemba 1905 ikasalimika, na aliyekuwamo ndani ana haki ya kushukuru. Lakini majeshi ya Wajerumani yaliteketeza mashamba na maghala, njaa ikaenea kusini yote. Serikali yao wenyewe ilikadiria kwamba waliokufa ni 75,000, na mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi. Atakayeweka wokovu wa Jakobi katika mizani kuwa ni dalili ya Mungu mwenye rehema, hana budi kuiweka na ile njaa, kwa uzito wake wote, katika kitanga cha pili. Na mhubiri anayeipitia haraka huwadhulumu wafu wale.

Nami nikiisha kuyapima haya, naona kwamba hoja itokanayo na vitu vya ajabu kimoja kimoja ni dhaifu, maana kila siku nguzo nyingine hugunduliwa kuwa ni kazi ya mvua; lakini mvua yenyewe, na uzito, na ugumu wa udongo, vinafuata kanuni ambazo haziendi kombo, na kwamba kuwe na kanuni yoyote badala ya fujo tupu nakuona kunatazamiwa zaidi ikiwa yupo Mwenye kuziweka kuliko asipokuwapo. Njaa ile ya kusini inaipunguza dhana yangu, haiifuti. Sidai yakini. Mwingine ataanza na dhana ndogo kuliko yangu, wala hakuna hesabu iwezayo kumlazimisha aanzie pangu. Tukizipima dalili zile zile kwa kanuni ile ile tutasogea sote upande mmoja, na bado tukaachana umbali.