Kangaga, Shahidi wa Maji ya Ukambani

Anayeijua Kitui na Makueni kwa ukame tu hushangaa kukuta kangaga kandokando ya vijito vya milima ya Mbooni. Miongoni mwa jenasi za kangaga, Adiantum hujulikana kwa vikonyo vyeusi vinavyong'aa na spora zilizofichwa chini ya kingo za jani zilizokunjwa. Asplenium huzipanga spora zake kwa mistari mgongoni mwa jani. Kurutubishana kwa kangaga huhitaji maji, hivyo zilipo pana unyevu. Naamini zimesalia hapa kwa sababu ya mathembo, vichaka vya ibada ambamo Wakamba walikataza kukata miti. Yupo atakayezisifu sheria za misitu za kikoloni kwa hilo. Lakini mathembo yalizitangulia, na mengi ni madogo mno kuonekana katika ramani za serikali.