Tiyo ya kurudisha esansi kwenye gari ya mbio: mfano wa Nissan 350Z

Mutu akitaka kuongeza nguvu ya moteri, kitu cha kwanza anafikiria ni turbo. Esansi anaifikiria mwisho. Na ni pale moteri nyingi zinafia: hewa imeongezeka, esansi haikuifuata, ndani ya silinda joto linapanda mpaka pistoni inatoboka. Makala hii inaeleza kazi moja ambayo mafundi wa magari ya mbio wanafanya sana, zaidi Marekani na Japani, juu ya kuzuia ajali ya namna ile: kuweka tiyo ya pili inayorudisha esansi kwenye tangi.

Tumechukua mfano wa Nissan 350Z, ile gari ya viti viwili yenye moteri ya V6 ya lita 3.5, inayoitwa VQ35DE, iliyoanza kutoka mwaka wa 2002. Kwenye barabara zetu hauikuti mara nyingi. Lakini mfumo wake wa esansi unafanana na wa magari mengi madogo tunayopokea kutoka Japani, kwa hiyo mekanisie wa Goma, Bukavu ao Lubumbashi atapata kitu chake humu.

Tiyo moja ao tiyo mbili

Magari mengi ya injeksio ya miaka ya 1980 na 1990 yalikuwa na tiyo mbili. Ya kwanza inatoa esansi kwenye tangi mpaka kwenye rampu, ndiyo ile tiyo ngumu inayoshikilia injekteri. Mwisho wa rampu kuna regilateri, inaachilia esansi yote inayozidi, na ile inashuka kwenye tangi kwa tiyo ya pili. Kwa hiyo esansi haikai mahali pamoja, inazunguka saa yote moteri inatembea.

Kisha watengenezaji walianza kuondoa tiyo ya pili. Sababu kubwa ilikuwa mvuke. Esansi iliyopita karibu na moteri inarudi ikiwa na joto, inapasha tangi, na mvuke unakuwa mwingi; na Marekani ilikuwa imekaza sheria juu ya mvuke wa esansi unaotoka kwenye magari. Tena, tiyo moja ni bei ndogo kuliko tiyo mbili, na hilo wenye viwanda hawalisahau.

Ndivyo 350Z imetengenezwa. Regilateri iko ndani ya tangi, pamoja na pompu, na inashikilia presio ya 3.5 bar hivi, ni kusema 51 psi. Esansi inapanda kwenye rampu na njia inaishia pale. Haina mlango mwingine wa kutokea isipokuwa injekteri.

Kwa gari iliyobaki vile ilitoka kiwandani, mfumo huo ni mzuri na hakuna sababu ya kuugusa. Mutu mwenye 350Z bila turbo anayetoa pesa kwa tiyo ya kurudisha ananunua matatizo.

Turbo ikiingia, hesabu inabadilika

Injekteri haitoi esansi kulingana na presio ya rampu peke yake. Inatoa kulingana na tofauti kati ya presio iliyo nyuma yake, ile ya rampu, na presio iliyo mbele yake, kwenye njia ya kuingizia hewa. Chukua 350Z iliyowekewa turbo inayosukuma hewa kwa 0.7 bar. Rampu iko na 3.5, lakini mbele ya injekteri kuna 0.7 inayorudisha nyuma. Inabaki 2.8. Na juu ya vile esansi inafuata kipeuo cha pili cha presio, injekteri inapoteza karibu 11 kwa mia. Turbo ikifika 1 bar, hasara inapita 15 kwa mia. Na inapotea kwa dakika mbaya kuliko zote, ile dakika moteri inahitaji esansi nyingi.

Mafundi wengine wanaweka injekteri kubwa zaidi na kupanga kompyuta ya gari upya, na kwa turbo ndogo inaweza kutosha. Nguvu ikiendelea kupanda, wanarudia mfumo wa zamani: regilateri mpya baada ya rampu, yenye kampira kadogo kanakounganishwa na njia ya hewa. Turbo ikisukuma 0.7, regilateri inapandisha presio ya rampu kwa 0.7. Tofauti inabaki 3.5 kila wakati. Hiyo ndiyo faida yote ya kazi hii.

Njia ya esansi inakuwa hivi: tangi, pompu, filtri, rampu, regilateri, tiyo ya kurudisha, tangi tena. Regilateri isiwekwe mbele ya rampu. Ikikaa kabla, esansi ya kwenye rampu inabaki bila kuzunguka, na mutu amerudia ugonjwa aliotaka kuponya.

Pompu inayotumiwa sana kwenye kazi hizi ni ya lita 255 kwa saa. Fikiria kidogo ile namba. Moteri ya lita 3.5 ikitembea mahali pamoja bila kukanyagwa inakula lita moja na kitu, ao mbili, kwa saa. Zote zinazobaki zinarudi. Tiyo ya kurudisha inabeba esansi karibu yote ya pompu, sasa isifikiriwe kama tiyo ya makombo.

Mahali moto unatokea

Pompu ya lita 255 kwa saa ni lita nne na zaidi kila dakika. Tiyo ikichomoka chini ya kapo, karibu na turbo iliyokuwa nyekundu, lita nne kwa dakika zinamwagika pale. Hakuna kizimamoto cha gari kinachoshinda moto unaolishwa hivyo.

Tuanze na tiyo yenyewe. Kwenye masoko tiyo nyeusi ya mpira inakatwa kwa metre, na kwa macho zote zinafanana. Hazifanani. Soma maandishi ya pembeni. SAE 30R7 ni ya presio ndogo, ya karbirateri na mvuke. 30R9 imetengenezwa kwa injeksio. Kipande kinachokaa ndani ya tangi, kimezama kwenye esansi, kinataka 30R10, kwa sababu mpira wa kawaida una ulinzi upande wa ndani peke yake. Nje ukilowa unavimba, unalainika, na unaachilia. Tiyo isiyo na maandishi yoyote, iache kwa wale wa kumwagilia bustani.

Wenye magari ya mbio wengi wanachagua tiyo ya PTFE iliyovikwa nyuzi za chuma. Hairuhusu harufu ya esansi kupita na haiogopi esansi iliyochanganywa na alkoli. Lakini iwe ile yenye kaboni ndani. Esansi ikipita kwa nguvu inazalisha umeme mdogo, na PTFE nyeupe tupu haina njia ya kuutoa; cheche inatoboa ukuta wa tiyo, tundu ndogo kama ya sindano.

Viungo vya tiyo hizo vinaitwa AN, jina lililotoka kwa jeshi la nchi kavu na la majini la Marekani. Namba inahesabu sehemu za 16 za inchi: AN 6 ni ya bomba lenye upana wa nje wa inchi 3/8, AN 8 ni ya nusu inchi. Vimechongwa kwa pembe ya digrii 37, lakini viungo vingi vya kawaida vya magari viko na digrii 45. Vinaweza kuingiana, vinaweza hata kukazika, kisha vinavuja. Usivichanganye.

Jambo lingine linahusu umeme. Pompu kubwa inakunywa umeme mwingi, kwa hiyo fundi anavuta waya mpya mnene kutoka bateri, na fizibule na rele yake. Ni sawa. Kosa ni kuwasha ile rele kwa waya wowote wa kontakti. Kwenye mfumo wa kiwanda, moteri ikizimika ghafla kompyuta inakata pompu kwa muda mfupi sana. Gari ikipinduka, esansi inasimama. Rele mpya iamrishwe na waya wa zamani wa pompu, ili kompyuta ibaki na ile nguvu ya kukata. Fundi akiruka kitu hicho, gari inaweza kulala kwa mgongo, moteri imekufa, na pompu inaendelea kumwaga.

Kazi yenyewe

Inafanywa nje ao mahali penye hewa, mbali na shimo la garaje. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, unashuka na kukaa kwenye shimo, unangojea mutu aje na sigara ao taa iliyopasuka. Ondoa fizibule ya pompu, washa moteri, uiache izimike yenyewe, jaribu kuiwasha mara moja tena: presio imetoka. Kisha toa kebo ya bateri. Weka kizimamoto cha unga karibu na mkono, si ndani ya ofisi.

Kwenye tangi, pompu inatolewa pamoja na kifuniko chake. Regilateri ya kiwanda iliyo mle ndani inapaswa kuondolewa ao kupitwa. Mutu akiisahau, itaendelea kuachilia esansi ndani ya tangi ikifika 3.5 bar, na regilateri mpya ya mbele haitapandisha kitu, hata ukaze vise yake mpaka ivunjike. Kifuniko kinatobolewa kikiwa nje ya gari na kimekaushwa. Kipande cha chuma kikiangukia tangi kitapatikana kesho ndani ya pompu. Tiyo ya kurudisha ishuke mpaka chini, esansi itokee ndani ya kikombe cha pompu. Ikimwagika kutoka juu inafanya povu, na pompu inavuta povu.

Chini ya gari, fuata njia ya tiyo ya zamani. Wahandisi walichagua ile njia kwa akili: mbali na tiyo ya moshi, mbali na vyuma vinavyocheza. Shika tiyo kila sentimetre 30 ao 40, na mahali inapopita karibu na joto ivishwe koti la kuzuia joto. Kwa barabara zetu tungeongeza: isishuke chini kuliko chuma cha sakafu, sababu jiwe moja la njia ya Sake linatosha.

Kurekebisha presio

Kabla ya kuwasha moteri, fungua kontakti mara tano, sita, pompu ijaze tiyo. Pitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo. Karatasi ikilowa hata kidogo, hakuna kuwasha.

Moteri ikitembea, chomoa kale kampira ka hewa kwenye regilateri, kazibe, na soma manometri. Kaza ao legeza vise mpaka 3.5 bar. Rudisha kampira: presio itashuka kama 0.6 bar, kwa sababu moteri isiyokanyagwa inavuta hewa. Ni kawaida. Lakini kompyuta ya 350Z haijui hayo, yenyewe inaamini presio haibadiliki kamwe. Kwa hiyo moteri ikiwa mahali pamoja injekteri zinatoa karibu 8 kwa mia pungufu, na kompyuta lazima ipangwe upya kabla ya kukanyaga. Kuweka tiyo bila kupanga kompyuta ni kazi nusu.

Kwetu sisi

Wenye magari ya kawaida, kuna kitu kimoja cha kuchukua. Pompu ya kuokota, iliyotoka kwenye gari ya tiyo mbili, haina regilateri. Ikiwekwa kwenye gari ya tiyo moja, gari itawaka, na presio itapanda bila mlinzi: harufu ya esansi, buji nyeusi, tiyo zinazochomoka. Kabla ya kununua, angalia kama gari yako iko na tiyo ya kurudisha, na angalia ile pompu ilitoka wapi.

Esansi ya bidoni kutoka kwa kadafi nayo, mara nyingi ikiwa na vumbi na maji ndani, inaziba filtri haraka. Kwenye mfumo unaozungusha, takataka inapita kwenye filtri mara nyingi kuliko kwenye mfumo wa tiyo moja.

Na kama presio inakataa kushuka hata vise ya regilateri ikilegezwa yote, usilaumu regilateri. Esansi inakosa nafasi ya kurudi: tiyo ni nyembamba, imekunjwa mahali, ao kiungo cha kwenye tangi kina tundu ndogo. Chomoa mwisho wa tiyo ya kurudisha, uelekeze kwenye bidoni ya chuma, mbali na moteri, na upime tena. Presio ikishuka pale, kizuizi kiko kwenye kifuniko cha tangi.